Senge, Kumbe Walichinjana

Porto Arabia,
The Pearl,
Doha, Qatar.

Ijumaa, 12 Oktoba 2012

Mpendwa Senge Millicent,

Nakuamkia kwa mikono miwili, Senge wangu, na kabla ya lolote naomba kujua: goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia mke wa Cornelius akuletee ilifika ikiwa chupa nzima, au naye aligundua ghafla kwamba ana maumivu? Mahindi je? Nasikia mvua imewachezea huko. Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatuzungusha?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimenenepa kidogo, usimwambie mtu. Joto la Doha limeanza kulegea, sasa mtu anaweza kutoka nje mchana bila kujuta. Akama yangu, yaani ile kadi ya kuishi huku, imeshatengenezwa upya. Chakula kipo, kitanda kipo. Hapo sina lalamiko.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu iko. Senge, ni kwa sababu kila nikitaja jina la Philip kwenye simu, wewe unasema mtandao ni mbaya, na unakata. Mtandao wenu huwa mzuri wiki nzima, unaharibika kwa jina moja tu. Basi nimeona karatasi haikatiki. Levis, yule kijana wa kwetu anayelinda jengo moja kule West Bay, anakuja likizo wiki ijayo, na ameapa atakutia barua hii mkononi mwenyewe.

Jumanne uliniagiza nimwandikie mdogo wangu Charity, nimwambie amwache Philip kabla wazee wa kwao hawajaja kuleta mahari Desemba, kwa kuwa Philip ni Mkatoliki. Ulisema wewe siku hiyo hutatoka ndani. Na unajua vizuri maana yake. Kwetu senge, dada wa baba, ndiye anayemshika msichana mkono, anamleta mbele ya wageni na kumuuliza kama anawajua. Senge asipotoka, hakuna mzee wa kwetu atakayepokea hata mbuzi, na wageni watarudi na vitu vyao. Baba na mama walishatutoka, wewe ndiwe umebaki. Halafu ukaongeza lile neno, kwamba Charity akienda kwa huyo Mroma asikanyage tena ua wako. Hilo lilinichoma sana.

Senge, sijamwandikia. Nitakueleza kwa nini, lakini vaa miwani kwanza na uketi, maana haya mambo hata mimi sijayamaliza kuyashangaa.

Kama nilivyokuambia, kazi yangu ni kumtunza Bibi Odile, mama yake Madamu. Ni Mfaransa, amepita miaka themanini, mwembamba kama ufito, na ana mdomo kukushinda wewe, samahani. Binti yake alimleta hapa kwa kuwa kule kwao milimani hakuna wa kumwangalia. Kiingereza chake cha kuokoteza na changu cha shule hukutana njiani, tunaelewana. Asubuhi namwogesha, namvisha, tunashuka kutembea kando ya mashua za matajiri, anazitukana moja moja, tunarudi kunywa kahawa.

Sasa, huyu bibi ana msalaba wa dhahabu shingoni, hauvui hata kwa kuoga. Chini ya msalaba ananing'inia njiwa mdogo. Wewe ulitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba mtu akivaa msalaba huyo ni Mkatoliki, usiulize mara mbili. Basi tangu siku ya kwanza nikamtia Bibi Odile kwenye kapu hilo. Akiinamisha kichwa kuombea chakula, mimi nakwenda kuzima jiko ambalo sijaliwasha. Akifungua kitabu chake cha Zaburi, mimi nakumbuka nguo za kuanika. Sikutaka kuomba na Mroma, Senge. Malezi yako hayo, na yalikuwa yamenishika vizuri.

Jumanne uliponipigia, nilikuwa jikoni na Faridah. Faridah ni mpishi wa nyumba hii, Mganda, Mwislamu wa swala tano, na ndiye dada niliyempata huku. Ulipokata simu nililia, sikuficha. Bibi Odile akaja na mkongojo wake kuuliza nani amekufa. Nikamweleza, kwa aibu, maana nilidhani ninamweleza Mkatoliki jinsi tunavyowaona Wakatoliki. Nikamwambia mdogo wangu anataka kuolewa na mtu wa upande wa pili na shangazi yetu hataki. Nilitegemea acheke. Wazungu wengi huku ukiwagusia mambo ya dini hutazama saa.

Hakucheka. Aliketi, akaushika ule msalaba, akaniambia yeye ni Mprotestanti, na kwamba msalaba wa njiwa huvaliwa na Waprotestanti wa kwao. Woi! Miezi yote hiyo nimemkimbia mtu wa kwetu! Nilitaka ardhi ipasuke. Papo hapo akaniuliza kama najua watu wake waliuawaje. Nikauliza waliuawa na nani, Waislamu? Faridah akanikata jicho hilo! Bibi Odile akasema la, waliuawa na Wakatoliki. Nikadhani Kiingereza kimemshinda.

Senge, shika kitu. Miaka mia nne na ushee iliyopita, Ufaransa nzima iligawanyika, Wakatoliki huku, Waprotestanti huku, wakapigana vita. Si vita vya maneno. Mizinga, panga, miji kuzingirwa mpaka watu wakala panya na ngozi za viatu. Wakichoka wanatia sahihi ya amani, wanapumua, wanaanza upya. Zaidi ya miaka thelathini hivyo. Mtu alizaliwa vitani, akaoa vitani, akazikwa vitani, na watu wa pande zote mbili walikuwa wanasoma Zaburi za Daudi yule yule.

Anasema vilianza na watu waliokuwa wakiabudu ghalani, kwa sababu kanisa hawakuruhusiwa. Bwana mkubwa mmoja akapita hapo Jumapili na askari wake, na askari wakaingia wakawaua watu katikati ya ibada. Jumapili, Senge! Watu wamevaa nguo zao za kanisani!

Lakini kilichonifanya nishike kichwa ni harusi. Mwaka 1572 wakubwa walisema, tuozeshane ili yaishe. Dada yake mfalme, Mkatoliki, akaozwa mfalme kijana wa nchi ndogo ya jirani, wa upande wa Waprotestanti. Waprotestanti wenye majina yao wakamiminika Paris kuja kula harusi. Hata juma halijaisha, kengele ya kanisa ikalia alfajiri, na wageni wakaanza kuchinjwa vitandani. Wageni wa harusi! Watu waliokuja kucheza ngoma na kula nyama! Wauaji walijifunga kitambaa cheupe mkononi na kutia msalaba mweupe kwenye kofia, wasije wakauana wao kwa wao. Jirani alimtoa jirani yake mlangoni. Wanawake, watoto, wazee, wote mtoni. Bibi arusi mwenyewe, inasemekana, alimficha chumbani mwake mtu aliyekuwa anavuja damu. Miji mingine ikasikia, nayo ikafanya vivyo hivyo. Waliokufa hakuna aliyewahesabu sawasawa, ni maelfu kwa maelfu.

Mimi nilikaa chini sakafuni. Nilidhani nimeijua dini hii tangu tumboni, na hakuna mchungaji hata mmoja aliyewahi kunidokezea jambo hili. Wewe ulikuwa unajua? Niambie ukweli, ulikuwa unajua?

Faridah alikuwa amesimama na kisu cha kumenyea matoke, hamenyi. Akauliza, "Lakini nyinyi si wote ni Yesu huyo huyo? Tofauti yenu hasa ni nini?" Senge, ilinibidi nihesabu kwa vidole. Mimi, niliyepewa Biblia ya zawadi shule ya Jumapili! Nikasema wao wana Papa. Akasema, ehe? Nikasema wana rozari. Akasema hata sisi tuna tasbihi, kwani shanga zimemkosea nani. Nikasema wanawaomba watakatifu. Akanitazama tu kwa huruma, akarudi kwa matoke yake. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona.

Na nikuambie bila kuficha, siku ile hasira yangu ilikuwa upande wako. Nilisema, kumbe Senge anajua asemalo! Watu wa kuchinja wageni wa harusi, tuwape Charity wetu? Nilikuwa tayari kumwandikia kama ulivyotaka na kumtilia pilipili juu. Ulikuwa umeshinda, Senge, na ukabaki umeshinda mpaka leo asubuhi.

Unajua Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku. Wakristo wa Doha tunasali mahali pamoja pembeni ya mji, makanisa yote ndani ya ukuta mmoja, bila msalaba wowote nje. Foleni ni moja, tunakaguliwa mikoba na mlinzi yule yule, halafu ndani ndipo tunaachana, Wakatoliki wanashika njia yao na sisi yetu. Mimi huenda na Cherotich, nesi wa Kericho. Ni Mkatoliki. Ndiyo, nina rafiki Mkatoliki, nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukuambia, na siku nzuri haikuja. Ni yeye aliyenikalia kitandani nilipougua homa mwaka jana.

Leo nilimrushia yote palepale kwenye foleni, kwa sauti, mpaka Wafilipino waliokuwa mbele yetu wakageuka. Nikamwambia watu wenu ni wauaji. Maskini ya Mungu, hakuwa anajua lolote, kama mimi tu. Alimpa mlinzi mkoba wake ukaguliwe. Akaingia misa yake, mimi ibada yangu. Mahubiri yalihusu nini sijui.

Tulipotoka nilimkuta ananingoja na simu mkononi. Hakuwa amesikiliza misa, Mungu amsamehe, alikuwa anasoma. Akaniambia niketi. Akanisomea habari za mji mmoja wa kusini mwa Ufaransa, Nîmes, ambako miaka michache kabla ya harusi ile Waprotestanti waliwakamata mapadri na Wakatoliki wengine wa mjini, wakawaua uani kwa askofu na kuwatupa kisimani. Sisi, Senge. Watu wetu. Kisimani!

Nilimwambia aache. Hakuacha. Akanisomea ya Ujerumani, miaka thelathini mingine mizima ya vita, majeshi ya pande zote mbili yakipita kijiji kile kile, hawa wanakula mbegu, wale wanachoma nyumba, na nyuma yao njaa na tauni. Watu mamilioni. Sehemu nyingine nusu ya watu wakaisha. Akasoma ya wachungaji waliochomwa moto na mapadri waliopasuliwa matumbo hadharani, umati unatazama na watoto mabegani. Cherotich anasoma analia, mimi nasikiliza nalia, chai yetu inapoa. Mwishoni akaifunga simu, akapenga kamasi, akaniuliza, "Sasa? Tupigane hapa hapa ama tungoje tufike kwa basi?" Nilicheka, Senge. Nilimkumbatia mbele ya watu wote, na nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kikalenjin nilichonacho, ambacho ni maneno mawili.

Unakumbuka zile vurugu baada ya uchaguzi, 2008, tulipokuwa tunasikia redioni watu wanachomeana nyumba? Wewe ulitikisa kichwa ukasema hii ni damu yetu mbaya sisi Waafrika, mzungu aliyeijua Injili hawezi kumchomea jirani yake. Nilikuamini. Nimekuwa nikiliona jambo hilo kama doa letu peke yetu, hata huku nikiulizwa natoka wapi najibu kwa sauti ndogo. Kumbe walichoma, Senge! Walichoma miaka na miaka, na waliomba kwanza kabla ya kuchoma.

Nimerudi na basi nikiwa nafikiria mto wetu. Tangu nizaliwe ng'ambo ya mto ni kwa Wakatoliki na huku ni kwetu. Shule yao na yetu, zahanati yao na yetu, hata mpira tulikuwa hatuchezi pamoja. Mzungu wa misheni alimkataza Babu asinywe hata maji kwa Mroma, Babu akakukataza wewe, wewe ukatukataza sisi, nasi tukawa tunasimama ukingoni tunawarushia watoto wa ng'ambo matusi na mawe. Nilidhani Mungu aliuchimba mto ule kwa kazi hiyo. Kumbe wale wamisionari, wetu na wao, walikuja na ugomvi wa kwao umefungwa humo humo na Biblia, wakatugawia! Watu wa ng'ambo walitukosea nini kabla ya hapo? Si wewe uliyetuambia nyanya yake Babu alitoka ng'ambo hiyo hiyo, akaolewa kwa ng'ombe na ngoma? Hapakuwa na Mroma wala nini. Wenye vita wamekwisha kupatana, wanakunywa kahawa pamoja hapa The Pearl nawaona kwa macho yangu, sisi tumebaki tunawashikia mawe.

Mchana huu nilimkuta Bibi Odile kwenye roshani. Nilimwambia habari za kile kisima cha Nîmes nikidhani atakana. Hakukana. Alisema anakijua, alisomea katika mji ule. Ndipo akanieleza yaliyokuja baadaye. Waprotestanti wa kwao walipigwa marufuku kabisa, hawaruhusiwi hata kuzikwa makaburini, kwa hiyo wakawa wanazikana kwenye mashamba yao, nyuma ya nyumba, na mpaka leo makaburi yapo. Wazungu wanaozika nyumbani kama sisi! Wanawake walikuwa wanaficha Zaburi ndogo ndani ya fundo la nywele ili wakaabudu porini. Nilimwambia Bibi, nyinyi mlikuwa Waluhya, hamkujua tu. Alicheka mpaka nikampigapiga mgongo.

Kisha akaniambia jambo ambalo nimeliandikia barua hii yote.

Alipokuwa msichana, baada ya Vita Vikuu vya Pili, alimpenda kijana wa bonde la jirani, Mkatoliki. Mama yake akamwambia maneno uliyomwambia Charity, Senge, karibu neno kwa neno. Usikanyage tena hapa. Akaolewa bila mama. Wakajenga ng'ambo ya bonde, mahali ambapo kila asubuhi aliona moshi ukitoka kwenye paa la mama yake. Miaka na miaka. Mama hakuja, na Odile hakuitwa. Watoto wake walikua wakionyeshwa moshi na kuambiwa kule yuko nyanya yenu.

Asubuhi moja ya baridi kali, theluji imeziba njia, moshi haukutoka. Mume wake, yule Mkatoliki, ndiye aliyevuka bonde kwanza. Alimkuta mama mkwe amekufa kwenye kiti chake. Majirani hawakuweza kufika, na mchungaji alikuwa mbali. Basi mkwe aliyekataliwa ndiye aliyechimba kaburi, pale shambani, kati ya Waprotestanti wote wa ukoo ule, ardhi imeganda mpaka mpini wa sururu ukavunjika. Odile akasoma Zaburi. Watu wa mazishi walikuwa hao wawili na watoto wao.

Bibi hakulia akinisimulia. Mimi nililia kwa niaba yake. Alisema mama yake hakuwa mwongo, yote aliyokuwa akisema juu ya Wakatoliki yalitokea kweli, harusi ya Paris ilitokea kweli. "Lakini mume wangu," akasema, "hakuwepo."

Philip naye hakuwepo, Senge. Philip ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwenye baiskeli na mama mgonjwa. Hajamchinja mtu. Na sisi nasi hatukuwepo kule kisimani, na ningechukia sana kama mama yake angemfungia Charity mlango kwa ajili ya kisima kile.

Kwa hiyo nimempigia Charity, na sikumwambia uliyoniagiza. Nimemwambia aendelee, na kwamba Desemba nitakuwepo. Madamu amekubali kunipa likizo na mumewe ameahidi karatasi ya kuniruhusu kutoka nchini. Usipotoka ndani siku ile, nitamshika mdogo wangu mkono mimi, ijapokuwa najua wazee watanikataa, dada si senge, na wageni watageuza ng'ombe wao tutazame migongo. Nitasimama naye hata hivyo. Lakini sitaki nafasi yako. Mimi nakutaka wewe. Ulitunyoa nywele siku tuliyomzika mama, ukatufunga khanga zako mwenyewe, ukala ugali mkavu ili mboga itutoshe sisi. Nani mwingine atamuuliza Charity kama anawajua wageni, na moyo wake ukakubali kujibu?

Sikuombi uwe Mkatoliki. Sikuombi hata uwapende. Charity na Philip watasali wapi, hayo ni yao na Mungu wao. Wala usidhani nimepotezwa na mafuta ya Waarabu. Naogopa tu, Senge. Tangu mchana huu naogopa sana. Nakuona wewe upande huu wa mto na Charity upande ule, mnatazamana moshi, na mimi huku mbali ninapigiwa simu na kila mmoja kumuulizia mwenzake. Ukinikasirikia, kasirika. Nitavumilia. Lakini usilifunge lango lile, nakuomba kwa jina la baba, mdogo wako uliyempenda.

Sasa nifunge, Bibi ameamka na anagonga ukuta kwa mkongojo. Faridah anakusalimu na anasema utamfundisha kupika mboga yetu ya mrenda siku moja. Cherotich anakusalimu, na kwa hiari yako atapita kwako Desemba, tunasafiri ndege moja. Bibi Odile hakusalimu, alisema salamu kwa mtu usiyemjua ni upuuzi, ila aliuliza jina lako akalirudia mara kadhaa mpaka akaliweza. Nisalimie Cornelius na mkewe, wanawake wote wa kikundi chenu cha Alhamisi, na mdogo wangu Charity mbusu uso, kama atakuwa bado anapita hapo.

Salamu moja imebaki, na hiyo Levis hataifikisha, nimemkataza. Charity ameniambia jambo ambalo wewe hukuniambia. Kila asubuhi Philip akienda shuleni huacha njia ya chini iliyo fupi, akazunguka mpaka mbele ya ua wako, akashuka kwenye baiskeli na kukuamkia. Wewe hujifanya unatazama kuku. Kesho yake anakuja tena, anashuka tena, anaamkia tena. Mambo ya wazee na ng'ombe tutayaongea nikifika. Kwa sasa nina shida ndogo tu, sina mwingine wa kumtuma. Akipita asubuhi na kukuamkia, mwitikie, Senge, kisha umwambie Loice anamsalimu.

Bwana akulinde utokapo na uingiapo, akupe usingizi mzuri na miguu isiyouma, na moyo wako aushike Yeye mwenyewe.

Mimi binti yako, nikupendaye hata leo ninapokukatalia,

Loice